Nilihamisha Watu Wengi Kabla ya Kuhama Mwenyewe

Nyie vijana mna tabia moja. Mkitaka kuhama mnakuja kuniuliza mie, halafu nikianza kujibu mnaangalia simu. Juzi kaja kijana wa mtaani kwetu hapa Muheza, kanipa shikamoo nzuri kabisa, kakaa barazani. "Mzee Kondo, naona hapa nazeeka bure. Niende Dar au nibaki?" Nikamwambia ngoja nimalize chai, hilo swali halijibiwi na mdomo umejaa kitumbua. Chai haijafika nusu, keshaanza kucheka na simu yake. Nikaona bora niandike. Anayetaka asome, asiyetaka aendelee na ishu zake.

Kazi yangu ilikuwa kuhamisha watu. Nilikuwa na kenta, lori dogo la mizigo, maskani yangu Keko, Dar, pale mafundi wanapopanga vitanda na makabati pembeni ya barabara. Mteja akinunua kitanda, lazima kifike kwake. Ndivyo tulivyoanza, na vitanda vipya. Halafu yule yule uliyempelekea kitanda anakukumbuka siku anapohama, anakuita uje ubebe nyumba nzima.

Lakini kabla sijashika usukani nilikuwa utingo, yaani mtu wa kupakia, kushusha na kupigiwa kelele. Aliyenipigia kelele alikuwa Mzee Mwakipesile, Mnyakyusa wa Tukuyu, dereva aliyevaa kofia ya sufu Dar es Salaam, mwezi wa Januari. Alikuwa hagusi mzigo. Anasimama chini na kidole: hiki hapa, kile pale. Friji inasimama, imeegemea kichwa cha gari. Ukilazimika kuilaza, ukifika usiiwashe, iache isimame itulie kwanza. Mlango wa kabati unafungwa kwa kitambaa, kwa sababu kamba inakula vanishi. Vyombo vya udongo vinalala ndani ya sufuria, vimeviringishwa kwenye khanga. Na kilichomsumbua kuliko vyote ni vitu vya mwisho kupakiwa.

"Jiko, ndoo, godoro," alikuwa ananiambia. "Hivyo vinaingia mwisho ili vitoke kwanza. Watu wakifika ugenini wamechoka. Wakipata maji, moto na pa kulala, watacheka. Ukiwafukia jiko chini ya kabati, ndoa yao itavunjikia kwenye gari langu."

Mie na ujuaji wangu nikasikia yote, nikakosea jingine. Tulihamisha maharusi kuwapeleka Mbagala. Nikafungua kitanda chao vizuri, nati na bolti nikatia mfukoni ili zisipotee. Tukafika, tukashusha, wakatushukuru, nikaenda zangu nyumbani. Kesho yake bibi harusi kaja hadi Keko, katoka jasho, kanisimamia mbele ya mafundi wote: "Ni huyu! Ndiye aliyeondoka na kitanda chetu mfukoni!" Mafundi walicheka hadi misumeno ikazimwa. Miaka iliyofuata walikuwa wananiita Mfuko. Tangu siku ile, nati za kitanda nikawa nazifunga kwenye kitambaa na kuzining'iniza kwenye ubao wa kichwani wa kitanda hicho hicho. Nyie mnaofanya kazi hii sasa mna nailoni za kuzungushia kila kitu na simu inayokuonyesha njia mpaka mlangoni. Sisi tulielekezwa "ukifika mashine ya kusaga uliza." Lakini nati bado ni zile zile, na mifuko bado ipo.

Sasa kuhusu hilo swali lenu.

Nilipopata kenta yangu mwenyewe nikaanza safari za mikoani, na mtu wa kwanza kunifundisha kitu kuhusu kuhama alikuwa Mwalimu Anjelina. Alikuwa mjane, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, kakaa Mbagala muda mrefu hadi watoto aliowafundisha wakamletea watoto wao. Kwao ni Makambako. Alijenga kijumba kule taratibu, na kila Krismasi alikuwa anakwenda. Alipostaafu akasema basi, Mbagala imemtosha. Kelele za baa, foleni, jirani wa kushoto anayemwaga maji machafu mlangoni kwake. Nikampakia kila kitu mpaka chungu cha maua, nikampeleka. Tulipofika kulikuwa na jua la baridi, majirani wakapokea mizigo, mtu kaleta mahindi ya kuchoma. Nikarudi Dar nikamwambia mke wangu, yule mama kapata pepo kabla ya kufa.

Haukupita hata mwaka, simu ikalia.

"Kondo mwanangu, kenta bado ipo?"

"Ipo, Mwalimu. Kuna mtu anahama?"

"Mimi. Njoo unirudishe."

Nilimkuta kwenye ule upepo wa Makambako wa katikati ya mwaka, upepo unaoingia hata pasipo na tundu. Kavaa koti, vitenge viwili juu yake, jiko la mkaa miguuni. Nikamwambia pole na baridi.

"Baridi nimezaliwa nayo," akasema. "Kaa nikuambie. Kila Krismasi nikija hapa, nyumba imejaa. Wadogo zangu, watoto wao, binamu, tunapika kwenye masufuria makubwa. Nikawa nasema moyoni, hawa wenzangu wana raha, wanaishi pamoja. Kumbe Kondo, na wao walikuwa wanakuja Krismasi."

Alisema hivyo akacheka, halafu akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Wadogo zake mmoja yupo Mbeya, mwingine Iringa, mwingine Dar hiyo hiyo, Kimara. Mtaa mzima pale aliyekuwa anamjua vizuri ni mama mmoja wa kuuza mboga, naye alikuwa anakwenda shamba alfajiri na kurudi jioni.

Tulipomaliza kupakia, alimpa yule mama kuku wake wote. Tulipofika Chalinze akasema, "Nilikwenda kuutazama mji siku ambazo umevaa nguo za sikukuu." Akapanga vyumba viwili Mbagala, mtaa ule ule wa zamani, na wiki hiyo hiyo akaanza upya ugomvi na jirani wa maji machafu. Nilipompitia baadaye nilimkuta kanenepa.

Nawaambia haya kwa sababu mwaka uliofuata zamu ilikuwa yangu, na bila Mwalimu Anjelina ningefanya pupa.

Mke wangu Saumu ni Mbondei wa hapa Muheza. Alikuwa mshonaji, anashona foronya za masofa kwa mafundi wa Keko, na tulipanga nyuma ya karakana zao. Tulikuwa na mtoto mmoja, Tatu, yuko darasa la tatu wakati huo. Tatu alikuwa na pumu. Mtu asiyelea mtoto wa pumu hawezi kujua. Unakuwa unamsikiliza mtoto anavyopumua huku unakula, huku unaongea na wageni, huku umesinzia. Na Keko mnaijua: msasa unapigwa toka asubuhi, vumbi la mbao linatua hadi kwenye chai, jioni wanapuliza vanishi. Tatu alikuwa anashinda ndani, dirisha limefungwa, anawaangalia wenzake wakiruka kamba nje kwa tundu la pazia.

Daktari wa Temeke akatuambia wazi: mtoeni kwenye vumbi hilo.

Saumu akasema, "Twende Muheza."

"Na akibanwa kule?"

"Kuna hospitali ya wilaya."

"Saumu, hapa nina gari mlangoni na hospitali kubwa nyuma yangu. Kule nitakuwa na nini? Machungwa?"

Hakukasirika. Ndicho kilichonitisha, maana Saumu akikasirika mambo huisha upesi. Nikamwambia basi tuhamie Boko, nina binamu kule, kuna hewa, hakuna karakana, na bado ni Dar. Nikajiona nimepata jibu.

Akaweka sindano chini. "Boko nitakaa na nani, Baba Tatu? Wewe uko njiani siku nzima, leo Morogoro, kesho Lindi. Mtoto akibanwa saa nane mchana, nikitoka nje nikapiga kelele, nani atatoka?"

"Majirani."

"Majirani gani? Mageti."

Nami nikamrudishia lile la hospitali. Tulikaa na swali hilo wiki nyingi, tunalizunguka kama kabati lisilopita mlangoni. Kila mmoja alikuwa anamwogopea mtoto yule yule, ila hofu zetu zilikuwa zinaangalia pande mbili.

Ndipo nikamkumbuka Mwalimu Anjelina. Nikamwambia Saumu, sawa, twende Muheza, lakini twende masika, mvua ikiwa mbaya, njia zina tope, na kila mtu ana shughuli zake. Mkae kwa dada yako. Mie na kabati tunabaki Keko. Mnabeba godoro, sufuria na nguo. Hapo akakasirika kwelikweli: "Unanipeleka kwetu kama mgeni!" Nikamwambia ndiyo, uwe mgeni kwanza. Tulipanda gari tumenuna. Tatu alikaa katikati yetu anaimba.

Mwezi wa kwanza habari zilikuwa nzuri. Mtoto anacheza nje, anakula, kajua majina ya mbuzi wote wa mtaa. Halafu mchana mmoja niko Mbagala, nimebeba masofa ya mteja, Saumu akapiga. Sauti yake ilikuwa imetulia mno.

"Tatu alibanwa. Sasa ametulia, tuko hospitali. Usiendeshe kwa hasira."

Yaliyotokea nilikuja kuyapata baadaye kwa vipande. Mvua ilikuwa inamwagika, dada yake Saumu yuko sokoni, mtoto akaanza kukohoa na midomo ikabadilika rangi. Saumu akatoka nje akapiga kelele. Jirani aliyekuwa anapanga machungwa kwenye matenga akaacha kila kitu, akatoa turubai lililofunika machungwa yake, wakamfunika mtoto na mama yake juu ya pikipiki ya kijana wa nyumba ya pili. Mwanamke mwingine alikimbia mbele kwa njia ya mkato, kwenye tope, kwenda kuwaambia hospitali kuna mtoto anakuja. Pikipiki ilipofika, muuguzi alikuwa kasimama mlangoni. Mtoto akawekewa hewa, akadungwa dawa, pumzi ikarudi.

Nilishusha masofa ya watu. Nilipomaliza kulikuwa kumeshaingia giza. Kulipokucha nikawasha gari kuelekea Muheza, nina kamba mbili na maneno nimeyapanga: nilikuambia, mambo yamejionyesha, tunarudi leo. Niliyarudia njia nzima.

Nikamkuta Tatu kakaa kitandani, anakula chungwa, maji yanamchirizika hadi kwenye kiwiko, anamsimulia muuguzi habari za mbuzi. Saumu alikuwa kwenye benchi. Macho yake yalikuwa mekundu, gauni bado lina tope.

"Umekuja kutuchukua," akasema.

"Ndiyo."

"Sitabisha. Ila muulize mwenyewe."

Nikakaa kwenye kona ya kitanda. Nikamwambia mwanangu, tunarudi nyumbani Keko. Akaacha chungwa. "Baba, usinirudishe. Hapa niliumwa nikapona. Keko nilikuwa naumwa tu."

Zile kamba mbili zikabaki kwenye gari. Nilitoka nje nikasimama karibu na bomba, nikanawa uso, nikanawa tena.

Daktari wa zamu alikuwa kijana mdogo, akatukalisha wote wawili akauliza Tatu anatumiaje zile pampu zake za kuvuta kwa mdomo. Tukamwonyesha. Akatikisa kichwa kwa upole. Kumbe moja ni ya kuokolea akibanwa, na ile nyingine ni ya kila siku, asubuhi na jioni, hata akiwa mzima anaruka kamba. Sie ya pili tulikuwa tunampa akizidiwa tu. Akatufundisha upya, akakaa na Tatu mpaka akaweza mwenyewe. Toka hapo mtoto akaanza kupona vile ambavyo hatujawahi kumwona. Mpaka leo nyumbani kwetu kuna ubishi usioisha: Saumu anasema ni hewa ya Muheza, mie nasema ni pampu. Wageni wakija tunawataka waamue. Wanaogopa.

Nikarudi Keko peke yangu kufuata kabati. Hapo ndipo nilipoaibika. Mie niliyepakia nyumba za watu nikiwa napiga mluzi, nilisimama katikati ya chumba changu sijui nianze na nini. Nikashika ndoo, nikaiweka. Nikashika cherehani ya Saumu, nikaiweka. Mafundi wakaenda kumwita Mzee Mwakipesile kwake Tandika, mguu wake mmoja ulikuwa umeshaanza kumsumbua. Alikuja na kofia yake, akakaa kwenye kigoda, akanyoosha kidole. "Kabati hapo. Cherehani nyuma yake. Wewe Kondo, usifikiri. Beba."

Tulipomaliza tukanywa soda. Nikamuuliza, "Mzee, mbona wewe hukurudi Tukuyu?"

"Nani kakuambia lazima mtu arudi?" akasema. "Mke wangu nimemzika hapa. Wajukuu wako hapa, wananisumbua kila siku. Tukuyu nina migomba. Nikiumwa mguu, mgomba utanichemshia maji?" Akanywa soda yake. "Wewe nenda. Watu wako wako kule." Akapiga bodi ya gari kwa kiganja, kama alivyokuwa akinipa ruhusa ya kuondoka zamani nikiwa kijana wake. Sikumwona tena mzima, na kwenye mazishi yake nilifika.

Msidhani nilipofika hapa nilistarehe. Mwaka wa kwanza nilikosa usingizi kwa ajili ya ukimya. Kazi ya kuhamisha watu haikuwepo, watu wa hapa wakihama wanabeba kichwani na toroli. Nikawa nabeba machungwa, na chungwa halikuhitaji ujuzi wangu hata kidogo, linataka umwage na uende. Kule Keko nilikuwa Mfuko, mtu mwenye jina. Hapa nilikuwa mume wa Saumu. Tena mji mdogo haukupi siri: nikikohoa asubuhi, mchana sokoni naulizwa kifua kinaendeleaje. Ilinikera miaka. Mpaka siku moja nilipokohoa na hakuna aliyeuliza, nikaona ajabu, nikajikuta nawatafuta.

Kwa hiyo mkiniuliza mji mkubwa au mdogo, mie nawauliza la Saumu: ukitoka nje saa nane mchana ukapiga kelele, nani atatoka? Mwalimu Anjelina, watu wake wa kutoka walikuwa Mbagala. Mzee Mwakipesile, Tandika. Wangu walikuwa hapa kabla mie sijawajua. Na kama huna wa kutoka popote, basi uwe tayari kwenda kuwatafuta, na hiyo ni kazi kama kazi nyingine, ina jasho.

Mwaka huu Tatu, ambaye sasa ni mtu mzima, kapata kazi ya kufundisha chekechea huko Boko. Alipotuambia, Saumu hakubisha. Alishinda siku nzima anapanga na kupangua begi la dawa za mtoto, ambaye hizo dawa anajinunulia mwenyewe siku nyingi. Mie nikasema nitamsindikiza. Tukakodi gari la kijana mmoja, anazungushia nailoni hata mifagio. Nikataka kumwonyesha meza inavyolazwa, akanishika bega: "Mzee wangu, kaa mbele upumzike." Nikakaa mbele. Kapakia vizuri, sina la kusema, ingawa nilitafuta.

Chumba chake ni kidogo, kisafi, kwenye nyumba ya wapangaji wenye milango inayotazamana. Nikafunga kitanda, nikajaribu kitasa, nikajaribu dirisha, nikajaribu kitasa tena.

"Baba, basi litakuacha," Tatu akasema.

Nikamwambia kweli. Akanisindikiza hadi mlangoni, akanibusu mkono. Nikatoka. Lakini sikwenda mbali. Nilisimama nyuma ya ukuta najifanya natafuta simu, mzee mzima. Nikasikia ndara zake zinavuka ukumbi, akabisha mlango wa jirani.

"Hodi. Shikamoo mama. Mie naitwa Tatu, nimehamia leo chumba hicho. Nilikuwa naomba kuuliza, maji huku mnachota wapi?"

Halafu sauti ya mwanamke, nene, ya mtu aliyeacha chungu jikoni.

"Marahaba mwanangu. Maji? Ingia kwanza, usisimame mlangoni. Umekula?"

Nikasikia mlango unafunguliwa kabisa. Nikatia simu mfukoni, nikaenda zangu stendi.